Bomba la mgongoni la petroli kwa ajili ya nyasi za bustani: tazama nini kabla ya kulipa?

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya wenzangu mnaoshika tenda za kutunza bustani za hoteli, shule, makanisa na nyumba za watu, pamoja na wale mnaotunza viwanja vya mpira vyenye nyasi halisi. Kila mvua zinapokaribia na magugu kuanza kuchomoza, swali lilelile hurudi: nichukue bomba gani la petroli la kubeba mgongoni? Majibu huwa ni majina ya kampuni na ukubwa wa injini, na aliyeuliza huondoka akiamini kwamba mwenye injini kubwa ndiye mwenye bomba zuri. Kwa kazi ya nyasi imani hiyo inakula fedha bure, inaunguza maua ya jirani, na inamfanya mteja alalamike kwamba ukoka wake umegeuka manjano kwa mistari.

Hoja yangu ni hii. Kwenye nyasi, injini ya petroli ina faida pale inapokuwezesha kulisha nozeli kadhaa (vile vichwa vya fimbo vinavyotawanya dawa) kwa wakati mmoja, kwa presha ndogo isiyopanda wala kushuka ovyo. Ukiitumia kusukuma nozeli moja kwa presha kubwa, unachopata ni ukungu unaoondoka na upepo. Mengine yote nitakayoandika, kuanzia tangi hadi mikanda, yanafuata hapo.

Kwanza tutenganishe mashine mbili ambazo dukani hupangwa rafu moja na zote huitwa bomba la petroli, au solo kwa waliozoea jina hilo. Ya kwanza ni mashine ya upepo: injini inazungusha feni, hewa inapita kwa kasi kwenye bomba nene la plastiki, na dawa inayotiririka mbele ya hewa hiyo inapasuliwa kuwa matone madogo sana. Hiyo ndiyo wenzetu wa Mtwara, Lindi na Tunduru wanayoitumia kupulizia salfa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na kwa mti mrefu haina mpinzani. Stihl SR 420, kwa mfano, ina injini ya sentimita za ujazo 56.5 na tangi la lita 13. Injini imekuwa kubwa hivyo kwa sababu kazi yake ni kusukuma hewa. Ya pili ni bomba lenye pampu. Injini yake ni ndogo, mara nyingi kati ya sentimita za ujazo 20 na 36, nayo inaendesha pampu inayosukuma maji kupitia mpira hadi kwenye fimbo na nozeli. Tangi lake huwa la lita 15 hadi 25. Kwa nyasi tunazungumzia hili la pili, na anayelinganisha 56 na 25 akadhani ya kwanza ni bora kwa sababu namba yake ni kubwa analinganisha mashine za kazi mbili tofauti.

Sasa presha, ambayo ndiyo kiini cha jambo lote. Kwenye kibao cha bomba la pampu utasoma 2.5 MPa au bar 25, na muuzaji atakuonyesha namba hiyo kwa fahari. MPa moja ni bar 10. Ukipulizia dawa ya wadudu kwenye mwembe au kwenye ua mrefu wa michongoma, presha hiyo ina kazi yake. Kwa kiuagugu kwenye nyasi unahitaji bar 1 hadi 3 tu. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji ni presha inashuka hadi wapi, na ikishuka inatulia au inadundadunda. Bomba zuri lina kirekebishi kinachorudisha maji ya ziada ndani ya tangi bila kugusa mwendo wa injini. Maji hayo yanayorudi yana faida nyingine: yanakoroga dawa muda wote, jambo ambalo ni kubwa kwa dawa za unga zinazopenda kutuama chini. Kama njia pekee ya kupunguza presha ni kupunguza resi, ujue kila mara injini itakapobadilisha mlio, kipimo chako cha dawa nacho kinabadilika.

Nieleze kwa hesabu, maana hapa ndipo fedha zinapopotea. Nozeli zinazofuata rangi za kimataifa hutambulika kwa macho: ya rangi ya machungwa ni 01, ya kijani ni 015, ya njano ni 02, ya bluu ni 03, nyekundu ni 04. Ya bluu kwa bar 3 hutoa takriban lita 1.2 kwa dakika. Ukitembea mita 60 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida wa mtu aliyebeba mzigo, na ukapulizia upana wa mita 1, unatumia lita 200 kwa hekta, na tangi la lita 20 linakwisha baada ya mita za mraba 1,000. Tuseme lebo ya dawa inataka lita 1.5 kwa hekta. Utaweka mililita 150 kwenye kila tangi. Sasa mtu huyohuyo, kwa nozeli hiyohiyo na mwendo uleule, aache kirekebishi kikae bar 9. Mtiririko haupandi mara tatu, kwa sababu unafuata kipeuo cha pili cha presha, lakini unapanda mara 1.7 na kufika lita 2.1 kwa dakika. Tangi linakwisha baada ya mita za mraba 580 hivi, na kila hekta inapata lita 2.6 za dawa badala ya 1.5. Umempa mteja nyasi zilizoungua, umetumia dawa karibu maradufu, na matone mengi yamekuwa madogo kiasi cha kupeperuka hadi kwenye waridi za nyumba ya pili. Injini haina kosa lolote hapo, imefanya ilichoamriwa.

Tazameni upande wa pili. Chukueni fimbo ya mlalo yenye urefu wa mita 2 na nozeli nne za njano, kila moja ikiwa umbali wa nusu mita kutoka mwenzake. Kwa bar 3 kila nozeli hutoa takriban lita 0.8, jumla lita 3.2 kwa dakika. Kwa bomba la kupampu kwa mkono huwezi kushikilia mtiririko huo asubuhi nzima. Mkono utachoka na presha itayumba. Pampu ya petroli inaumudu kwa resi ya chini na bado inabakiwa na maji ya kurudisha kwenye tangi. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Kwa nozeli moja utautembea kwa takriban saa 2 bila kuhesabu kujaza maji, na kwa fimbo ya mlalo kwa takriban saa 1. Hapa ndipo petroli inapolipa gharama yake, na michirizi ya manjano inapotoweka, kwa sababu mistari ya kupita imepungua nusu na upana wa kila mstari haubadiliki kwa kutikisika kwa mkono wa mpuliziaji.

Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, hakikisheni kwamba uzi wa skrubu kwenye ncha ya fimbo ya bomba hilo unakubali nozeli za kawaida zinazouzwa peke yake. Yapo mabomba yanayokuja na nozeli ya shaba ya kuzungusha, ile inayotoka ukungu ukiikaza na mkondo ukiilegeza, na uzi wake haukubali kitu kingine. Hilo ni bomba la miti. Liache dukani.

Uzito nitaupitia haraka. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Bomba la pampu likiwa tupu huwa na kilo 8 hadi 11, kwa hiyo tangi la lita 20 linakupa takriban kilo 30 mgongoni, na la lita 25 linakaribia kilo 35. Anayelibeba ni kijana wako, kutwa, kwenye nyasi zenye umande na miteremko. Mimi napendekeza lita 15 hadi 20 na si zaidi, na tangi la 25 ukiwa nalo lijazwe hadi alama ya 20.

Mchangiaji wa Arusha

Mkuu, uzi umenyooka. Naomba nitetee bomba la betri, kwa sababu naona umelipita kimya. Nyumba nyingi tunazozihudumia huku Njiro na Sakina zina nyasi za mita za mraba mia chache tu, na mabomba ya lita 16 yenye betri ya volti 12 yanatoa presha ya bar 2 hadi 4, ambayo kwa maelezo yako mwenyewe ndiyo inayotakiwa. Hayapigi kelele, hayanuki, na mwenye nyumba hakasiriki ukianza saa 1 asubuhi. Je, kuna sababu ya mtu wa namna hiyo kununua petroli?

Mleta uzi

Mkuu, hakuna sababu, na nakushukuru kwa kulisema wazi. Kama kazi yako yote ni viwanja vidogo na dawa ya magugu, bomba la betri lenye nozeli nzuri litakuhudumia vizuri kuliko petroli, tena mpuliziaji atabeba mzigo mwepesi. Petroli ninaipendekeza kwa mtu mwenye mojawapo ya mambo matatu: eneo kubwa linalostahili fimbo ya nozeli nyingi, kazi ya kumwagilia dawa kwa maji mengi, kama ya mchwa au ya funza wanaokula mizizi chini ya nyasi, ambako dawa ni lazima ishuke ardhini na unaweza kuhitaji maji mara kadhaa ya yale ya kiuagugu, au bustani iliyochanganyika, yenye nyasi chini na minazi, miembe na nyua ndefu pembeni, ambako bomba moja linatakiwa lifanye kazi ya bar 2 asubuhi na ya bar 20 mchana. Hoteli nyingi za pwani ziko kwenye kundi hilo la tatu.

Kelele ulizozitaja nazo si jambo la kupuuza. Injini ya mipigo miwili iliyo sentimita chache nyuma ya kichwa cha mtu inapita desibeli 85 kwa urahisi, kiwango ambacho mtu akikaa nacho kwa saa nyingi kila siku anaanza kupoteza usikivu. Vifaa vya kuziba masikio vihesabiwe ndani ya bei ya bomba, sawa na glavu na buti.

Mchangiaji wa Mtwara

Ndugu mleta uzi, mimi ninayo mashine ya upepo ya korosho, na msimu wa kupulizia ukiisha inakaa stoo miezi mingi. Nimepata kazi ya kutunza nyasi za shule moja. Kwa nini nisiitumie kwa kiuagugu, nikipunguza resi na kufunga kidogo ile koki ya dawa?

Mleta uzi

Kaka, kwa kiuagugu nakuomba usiitumie kabisa, hata kwa resi ya chini. Mashine ile inategemea hewa kupasua dawa. Ukipunguza hewa, matone yanakuwa makubwa na madogo kwa mchanganyiko usiotabirika, na yale madogo bado yanaelea. Shuleni kuna miche, kuna mboga za walimu, na 2,4-D, kile kiuagugu cha majani mapana, ikifika kwenye nyanya au mpapai kwa kiasi kidogo tu, majani yatajikunja na kila mtu atajua ilikotoka. Isitoshe, dawa kwenye mashine ya upepo hushuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake na msukumo mdogo wa hewa, kwa hiyo ukiinua mkono inapungua na ukiushusha inaongezeka. Kwa mti hilo halina madhara. Kwa nyasi ni mabaka.

Jambo la pili linahusu mikorosho yako mwenyewe. Mabaki ya kiuagugu kwenye tangi na kwenye mipira yakirudi shambani msimu ujao yatakutia hasara ambayo tenda ya shule haiwezi kuilipa. Mashine hiyo iendelee kuwa ya korosho. Ukitaka kuitumia kwenye bustani, itumie kwa dawa ya wadudu kwenye miti mirefu, siku isiyo na upepo na watoto wakiwa wameondoka.

Fundi

Naomba niongezee upande wa injini na pampu, kwa kuwa mabomba haya yanaletwa kwangu yakiwa yamekufa na mara nyingi chanzo ni kilekile.

Injini ziko za aina mbili. Ya mipigo miwili inakunywa petroli iliyochanganywa na oili ya 2T, ni nyepesi, na vipuri vyake ni rahisi. Mabomba mengi ya Kichina yanatumia injini ya TU26 ya aina hii. Nyingi zinataka uwiano wa 25 kwa 1, yaani mililita 200 za oili kwenye lita 5 za petroli, ilhali mashine za Stihl kwa oili ya kampuni hiyo zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 100. Soma kitabu cha mashine yako wala usimsikilize mtu anayekadiria kwa kifuniko cha chupa. Ya mipigo minne inatumia petroli tupu, na oili inakaa peke yake ndani ya injini. Honda GX25 na GX35 ni mfano mzuri, na mabomba mengi yanabeba injini zilizoigwa kutoka kwa hizo. GX25 inabeba mililita 80 tu za oili. Nazisisitiza hizo mililita 80, kwa sababu kiasi hicho ni chini ya nusu glasi. Mtu akiacha kukagua, oili inaisha bila dalili na injini inakwama. Ninachokipenda kwenye hizi za mipigo minne ni kwamba zinakula mafuta kidogo, kelele zake ni za chini, na kijana hawezi kuua injini kwa kusahau kuchanganya oili. Kwa mtu mwenye vijana wanaobadilika mara kwa mara, mimi ningechukua mipigo minne hata ikiwa bei iko juu.

Pia tazameni mashine za kufyekea mlizonazo tayari. Kama zina injini ya jamii ya GX35, bomba lenye injini hiyohiyo litatumia plagi, kabureta, kamba ya kuwashia na chujio la hewa vilevile, na mashine moja ikifa unaweza kuokoa nyingine.

Pampu za pistoni zina adui mkubwa mmoja: kuendeshwa bila maji. Maji ndiyo yanayopoza na kulainisha sili zake. Kijana anamaliza tangi, anaweka bomba chini likiwa bado linanguruma, anaongea na simu. Dakika chache zinatosha sili kuungua, na kuanzia hapo presha haipandi tena. Adui wa pili ni mchanga. Chujio la kwenye mdomo wa tangi lisitolewe kamwe ili kujaza haraka, hasa mnaochota maji ya kisima au ya bwawa. Pampu za diaframu zinavumilia mchanga na dawa za unga vizuri zaidi, ila presha zake ni ndogo, na kwa nyasi presha ndogo hiyo inatosha kabisa.

Mashine ikikaa zaidi ya mwezi, mwageni petroli yote, kisha washeni injini izimike yenyewe ili kabureta ikauke. Petroli iliyolala inaacha utando kama gundi kwenye vitundu vya kabureta, na nusu ya mashine ninazoambiwa zimekufa zinahitaji kuoshwa kabureta tu.

Mchangiaji wa Nairobi

Asanteni sana. Huku kwetu nyasi nyingi ni kikuyu na zile za jamii ya ukoka, na shida yangu kubwa ni ndago. Nimepulizia 2,4-D mara nyingi, ndago inanyauka kidogo kisha inarudi. Je, presha kubwa zaidi ingesaidia dawa iingie vizuri? Na kuhusu dukani: kuna namna ya kupima bomba kabla ya kulipa, ama mtu hujua tu akishafika kazini?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Nairobi, presha haitakusaidia, kwa sababu tatizo ni dawa. 2,4-D imetengenezwa kwa magugu ya majani mapana, na ndago si ya kundi hilo. Ina vinundu chini ya ardhi ambavyo vinaichipusha upya. Glaifoseti inaiua lakini itaua na nyasi zako. Kiuagugu kinachojulikana kwa kazi hiyo ndani ya nyasi ni chenye halosulfuron, nacho kinafanya kazi polepole, wiki mbili au tatu, kwa hiyo usirudie kupulizia kwa kukata tamaa. Angalia kama kilichopo sokoni kwenu kimesajiliwa na PCPB, bodi ya Kenya inayosajili viuatilifu, na kama lebo inataja aina ya nyasi ulizonazo. Kwa walioko Tanzania, usajili uko chini ya TPHPA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Na wenzangu wa pwani wenye zile nyasi za majani mapana tunazoziita za Pemba, kuweni waangalifu na 2,4-D. Nyasi za jamii hiyo huumia kirahisi kuliko ukoka. Jaribuni kwanza kwenye kipande kidogo pembeni na msubiri wiki mbili.

Swali lako la dukani ndilo nililotaka mtu aulize. Iwe Kariakoo au mjini Nairobi, usikubali kununua bomba likiwa ndani ya boksi. Omba lifungwe, liwekewe maji safi nusu tangi na mafuta, kisha uliwashe mwenyewe likiwa baridi. Livae mgongoni. Mikanda ipite katikati ya bega bila kukata shingo, iwe na sponji nene, na mshono wake uwe wa mistari zaidi ya mmoja pale inaposhika fremu, kwa maana hapo ndipo inapochanika. Kati ya injini na fremu pawe na mipira au springi za kuzuia mtikisiko. Ukiisikia injini kwenye meno yako ndani ya dakika moja, fikiria itakavyokuwa saa nne baadaye.

Ukiwa umelivaa, inama kama unayefunga kamba za kiatu. Kifuniko cha tangi kisidondoshe hata tone, kwa sababu kinachodondoka siku ya kazi kitakuwa dawa, na kitashuka kwenye uti wa mgongo wa mtu.

Kisha nenda mahali penye sakafu kavu ya saruji, juani kama inawezekana. Weka nozeli ya mtawanyo bapa, shusha presha hadi chini kabisa inapofika, shikilia fimbo kimo cha goti na upite mara moja kwa mwendo wako wa kawaida. Simama utazame saruji inavyokauka. Mstari ukikauka sawasawa kutoka kingo hadi katikati, nozeli na presha vinaelewana. Ukiona michirizi inayobaki na unyevu wakati sehemu nyingine zimekauka, dawa ingerundikana hapohapo kwenye nyasi, na ndiyo ile mistari ya manjano mteja anayokuonyesha kwa kidole. Badilisha nozeli na ujaribu tena. Michirizi ikibaki palepale, tatizo liko kwenye presha inayodunda. Muuzaji mwenye bomba zuri hatakasirika kwa jaribio hili.

Mwisho chukua ndoo na chombo cha kupimia. Elekeza nozeli ndani ya ndoo kwa dakika moja kamili, pima, halafu rudia baada ya dakika tano injini ikiwa imepata moto. Vipimo viwili vikikaribiana, unaweza kulipa. Vikitofautiana sana, bomba hilo litakudanganya kila siku.

Mchangiaji wa Mtwara

Nimeelewa kuhusu mashine ya korosho, itabaki korosho. Swali moja la nyongeza: huku upepo wa kusi ukianza haukatiki. Mtu apulizie saa ngapi?

Mleta uzi

Kaka, kwa nyasi dirisha lako ni asubuhi, baada ya umande kupungua na kabla upepo wa bahari haujaamka vizuri. Kipimo rahisi ni majani ya mti: yakitikisika taratibu na ukausikia upepo kidogo usoni, hiyo ni kasi ya kilomita 3 hadi 6 kwa saa na ndiyo nzuri. Vijitawi vikianza kuyumba muda wote, funga kazi. Wengi wanadhani alfajiri isiyo na upepo hata chembe ndiyo bora zaidi, lakini hewa ikiwa imetulia kabisa matone madogo hubaki yakielea karibu na ardhi kama ukungu, kisha huondoka kwa pamoja kuelekea usikokujua. Siku za kusi kali, badilisha nozeli uweke ile inayochanganya hewa ndani ya matone na kuyafanya makubwa, shusha presha hadi bar 2, na weka fimbo chini zaidi. Kama bado matone yanakimbia, ahirisha. Mteja akielezwa sababu atakubali.

Mchangiaji wa Arusha

Mkuu, nami niulize la kufungia. Nikinunua bomba moja la petroli kwa ajili ya hoteli, litatumika kwa kiuagugu Jumatatu na kwa dawa ya ukungu kwenye waridi Jumatano. Kuoshea maji tu kunatosha?

Mleta uzi

Hakutoshi, hasa ukitumia 2,4-D, ambayo hung'ang'ania kwenye plastiki na mipira. Ushauri wangu wa kwanza ni kuwa na bomba lingine dogo, la mkono au la betri, lililoandikwa kwa rangi isiyofutika kwamba ni la dawa ya magugu, na lisitumike kwa kingine. Hoteli ikikataa gharama hiyo, basi suuza mara tatu, kila mara ukiwasha pampu ili maji yapite kwenye mpira, fimbo na nozeli hadi yaishe kwenye tangi, na uzime injini papo hapo kama fundi alivyoonya. Suuza ya pili iwe na sabuni au amonia ya kusafishia, uiache ilale usiku kucha kabla ya kuipitisha. Vua nozeli na machujio uvioshe peke yake kwa mswaki laini; usipulize nozeli kwa mdomo wala kuichokoa kwa waya, kwa sababu tundu likitanuka kidogo tu hesabu zote tulizopiga zinaharibika. Maji ya kusuuzia yarudishe kwenye sehemu uliyokwisha kupulizia, ukiyatawanya, na usiyamwage kwenye mtaro. Kisha, kabla ya kugusa waridi, pulizia maji ya bomba hilo kwenye mche mmoja wa nyanya ulioupanda kwenye kopo kwa kazi hiyo, uutazame siku mbili tatu. Nyanya huonyesha 2,4-D mapema kuliko waridi, na majani yake yakibaki yamenyooka unaweza kuendelea.